Kumsahihisha Marehemu

Yapo masimulizi ambayo kwa kurudiwarudiwa yamekuwa kama kweli. Mojawapo ni hili wasimuliaji wa muziki wa Ulaya walikaririlo kila litajwapo jina la Modest Mussorgsky: kwamba alikuwa Mrusi mwenye kipaji kikubwa na elimu ndogo, mlevi aliyekufa kabla ya wakati wake na kuacha rundo la karatasi zilizojaa makosa, kisha rafiki yake Nikolai Rimsky-Korsakov, mtu msomi na mwenye moyo mwema, akaketi akazisafisha moja baada ya moja, na kwa hisani hiyo ulimwengu ukapata kumjua. Ni simulizi tamu, kwani kila mtu ndani yake hupewa fungu lake. Marehemu hupewa kipaji, aliyebaki hai hupewa ujuzi, na msikilizaji hupewa muziki. Lina ila moja tu: mengi ya yaliyosafishwa hayakuwa uchafu.

Mambo yalianzia St. Petersburg. Mwaka 1859 mpiga piano Anton Rubinstein aliasisi Jumuiya ya Muziki ya Urusi, na mwaka 1862 akafungua chuo cha kwanza cha muziki nchini humo, kilichofuata mafunzo ya Kijerumani. Mwaka huohuo Mily Balakirev, kwa kushirikiana na Gavriil Lomakin, akafungua Shule ya Bure ya Muziki, na wengi wakaiona kama jibu. Balakirev alikuwa amezungukwa na vijana wanne ambao hakuna hata mmoja aliyekuwa akila kwa muziki. César Cui alikuwa mhandisi wa jeshi, bingwa wa ujenzi wa ngome. Aleksandr Borodin alikuwa mwanakemia. Rimsky-Korsakov alikuwa ofisa wa jeshi la wanamaji, aliyezunguka bahari kwa karibu miaka mitatu. Mussorgsky alikuwa ameacha kikosi cha walinzi wa Tsar mwaka 1858, akaishia kuwa karani wa serikali. Mhakiki Vladimir Stasov, mfanyakazi wa Maktaba ya Umma ya Kifalme, ndiye aliyewapa jina mwaka 1867: fungu dogo lenye nguvu. Neno lenyewe la Kirusi, kuchka, ni fungu hasa, kama fungu la nyanya sokoni, na mahasimu wao hawakukosa kulichekea.

Dai lao lilikuwa kwamba muziki wa Urusi utoke katika nyimbo na lugha ya Urusi, si katika vitabu vya Leipzig na Berlin. Wanaodhani kwamba dai hilo lilikuwa la damu na nasaba wanakosea. Cui alizaliwa Vilnius, baba Mfaransa na mama wa Kilithuania. Baba yake Borodin alikuwa mwana wa ukoo wa kifahari wa Georgia. Hata Mikhail Glinka, waliyemwita baba yao kwa ajili ya opera zake za mwaka 1836 na 1842, alikwenda Berlin kujifunza kwa mwalimu Siegfried Dehn, na mauti yalimkuta hukohuko mwaka 1857. Utaifa waliokuwa wakiutafuta ulikuwa katika sikio: je, mtunzi akisikia wimbo wa mkulima, anausikia ulivyo, au anausikia kama Mjerumani aliyekosea?

Upo mfano mmoja unaotosha kulifafanua swali hilo. Mwaka 1790 Nikolai Lvov na Ivan Prach walichapisha mkusanyo wa nyimbo za watu wa Urusi, na humo mna wimbo wa kusifu uitwao Slava. Beethoven aliuchukua mwaka 1806 alipomtungia muziki wa fidla nne Razumovsky, balozi wa Urusi mjini Vienna. Akaufanyia alichofundishwa: sauti moja ikauanza, ya pili ikaufukuza, ya tatu ikafuata, mpaka wimbo wa watu wa mashamba ukawa zoezi la darasani, zoezi la fundi mkubwa, ila zoezi. Mussorgsky naye akauchukua wimbo uleule katika opera ya Boris Godunov, akautia katika vinywa vya umati siku ya kutawazwa kwa Tsar. Lakini msikilizaji amekwisha kuuona umati huo katika onyesho lililotangulia, ukiwa nje ya nyumba ya watawa, askari akiuamrisha kwa fimbo upige magoti na kumlilia Boris akubali ufalme. Kwa hivyo sifa zinapoimbwa, mwenye masikio anajua zimetoka wapi. Na kengele zinazotangulia wimbo huo ni mafungu mawili tu ya sauti, linalia moja, linalia la pili, yanarudiana kama pendulo. Kwa kanuni za shule za wakati ule kila fungu lilikuwa na mahali pake pa kwenda kutua. Mussorgsky hakulitua hata moja. Kengele za kanisa hazitui popote. Hulia mpaka anayezivuta achoke.

Huo ndio uliokuja kuitwa ujinga wa kanuni.

Mwaka 1871 jambo geni lilitokea. Rimsky-Korsakov, mwenye umri wa miaka 27, aliitwa kufundisha utunzi katika chuo kilekile cha Rubinstein ambacho kundi lake lilikuwa likikibeza. Akakubali. Katika kumbukumbu zake, zilizochapishwa mwaka 1909 baada ya kufa kwake, anakiri bila kuficha kwamba siku alipoingia darasani hakujua hata majina ya mambo aliyotakiwa kuyafundisha, akawa anajifunza kwa siri ili asipitwe na wanafunzi wake. Uungwana wa ungamo hilo haukanushiki. Alijifunza kwa bidii ya mwanamaji anayepiga deki: aliandika fuga kwa makumi, akapeleka baadhi kwa Tchaikovsky zikaguliwe. Matokeo yake ni kwamba mtu huyu aliyezijua kanuni ukubwani akazipenda kama mtu anavyoipenda dini aliyosilimu. Akaanza kujisahihisha mwenyewe kwanza. Opera yake ya kwanza, Msichana wa Pskov, iliyoonyeshwa mwaka 1873, aliiandika upya zaidi ya mara moja. Hapo hakumdhulumu mtu. Kazi ilikuwa yake.

Cha kusikitisha ni kwamba katika miezi hiyohiyo, tangu majira ya pukutizi ya 1871 hadi katikati ya 1872, yeye na Mussorgsky walikuwa wakiishi chumba kimoja chenye piano moja. Asubuhi piano ilikuwa ya Mussorgsky, na mwenzake akitumia muda huo kunakili au kuzigawia ala sauti zake. Mchana zamu ikageuka. Katika chumba hicho mmoja alikuwa akimaliza Msichana wa Pskov na mwingine akiipanua Boris. Rimsky-Korsakov alipooa mwaka 1872, Mussorgsky ndiye aliyesimama kando yake kanisani. Wanaomtetea mhariri husema alimjua marehemu kuliko mtu yeyote. Ni kweli. Alikaa naye chumba kimoja, akaisikia Boris ikizaliwa upande wa pili wa meza, na bado baada ya miaka ishirini na kitu akaona inafaa kuvunjwa na kujengwa upya.

Yafaa kukumbusha Boris hiyo ilikuwa nini. Pushkin aliandika tamthilia yake mwaka 1825 juu ya mtu aliyeitawala Urusi tangu 1598 hadi 1605, akishukiwa kuwa alimwua mtoto Dmitry, mrithi wa kiti. Mussorgsky aliianza opera mwaka 1868 akaimaliza mwaka uliofuata, akiwa karani katika Idara ya Misitu. Hakuwa mlevi wa hospitalini wakati huo. Alikuwa kijana wa miaka thelathini anayetoka ofisini na kwenda kuandika. Picha maarufu aliyoichora Ilya Repin, yenye nywele timtim na pua nyekundu, ni ya Machi 1881, siku chache kabla ya kufa. Wanaoichapisha picha hiyo kila waandikapo juu ya Boris wanamhukumu mtu wa miaka 30 kwa uso wa mtu wa miaka 42.

Kamati ya majumba ya kifalme iliikataa opera hiyo mwaka 1871. Ilikosa, pamoja na mengine, dhima kubwa ya mwanamke. Mussorgsky akaiandika upya. Akaongeza matukio ya Poland na binti wa kifahari Marina, kisha akafanya jambo ambalo hakuna kamati iliyomwomba. Toleo la kwanza lilikwisha kwa kifo cha Boris. Katika toleo la pili aliongeza onyesho baada ya kifo hicho: msitu karibu na Kromy, wananchi wameasi, wamemkamata bwana mmoja na kumfanyia kejeli, na watawa wawili walevi wanauchochea umati kwa wimbo. Wimbo huo Mussorgsky aliupata kwa Trofim Ryabinin, mkulima wa Olonets aliyeletwa St. Petersburg mwaka 1871 kughani bylina, yaani zile tenzi za kale za mashujaa ambazo hazikuandikwa bali zilihifadhiwa vifuani. Kisha anapita Mrusi anayejidai kuwa ndiye Dmitry, umati unamfuata, jukwaa linabaki tupu. Anabaki majinuni mmoja, wa wale ambao Warusi waliwahesabu kuwa watu wa Mungu, ameketi anaiombolezea Urusi na watu wake wenye njaa. Sauti inafifia. Opera imekwisha.

Mpenzi wa ushairi hahitaji kuambiwa uzito wa beti ya mwisho. Opera inayokwisha kwa kifo cha mfalme ni hadithi ya mfalme. Opera inayomzika mfalme, halafu ikaendelea, halafu ikamwachia majinuni neno la mwisho, ni hadithi ya watu, na mfalme ni mmoja wa yaliyowapata. Mussorgsky alizijua njia zote mbili, kwani alizijaribu zote mbili, akachagua.

Toleo la Rimsky-Korsakov lililotoka mwaka 1896 liliyapindua maonyesho hayo: Kromy kwanza, kifo cha Boris mwisho. Wako wasemao kwamba alirudisha mpango wa awali wa mtunzi. La hasha. Mpango wa awali haukuwa na Kromy kabisa. Alichofanya ni kuchukua mwili wa toleo la pili na kuutia kichwa cha toleo la kwanza. Umati ukaasi, kisha ukasahauliwa, pazia likashuka juu ya Tsar anayekata roho kwa heshima zote, huku mwimbaji mkubwa akipata nafasi ya kufa vizuri mbele ya watu. Fyodor Chaliapin alikufa vizuri mno Paris mwaka 1908, Sergei Diaghilev alipoipeleka opera hiyo huko, na Ulaya ikashangilia. Je, hilo nalo lilikuwa kosa la nota?

Mengine yalikuwa madogo kwa umbo, si kwa maana. Alikata kurasa, na nyingi akazirudisha katika toleo la 1908. Alihamisha nyimbo kutoka ngazi moja ya sauti hadi nyingine. Alitia sauti za mpito mahali ambapo Mussorgsky aliweka mruko, akalainisha mapigo yaliyokuwa yakibadilika. Hapa msomaji wa Kiswahili anastahili kuelezwa jambo moja. Katika Kiswahili mkazo hukaa, kwa kawaida, katika silabi ya pili kutoka mwisho, na mshairi hupanga mizani yake akijua hivyo. Katika Kirusi mkazo huangukia popote, na neno moja laweza kuuhamisha likibadilika umbo. Mtu akitaka muziki ufuate Kirusi kinavyosemwa, hana budi mapigo yake yawe mara matano, mara sita, mara matatu. Mwaka 1868 Mussorgsky alijaribu kuutia katika muziki mchezo wa Gogol uitwao Ndoa, neno kwa neno, nathari tupu isiyo na vina, akafika mwisho wa tendo la kwanza. Alikuwa akijinoa sikio. Boris ilifuata mwaka huohuo. Mapigo yaliyoonekana kupinda yalikuwa yamepinda pamoja na lugha, na kuyanyoosha ni kumfanya Mrusi aseme Kirusi kwa lafudhi ya kigeni.

Ndipo kinyume cha mambo kinapojitokeza wazi. Kundi lililoanza kwa kukataa kwamba kitabu cha Mjerumani ndicho kipimo cha muziki wa Urusi liliishia kumpima mwenzao aliye Mrusi kuliko wote kwa kitabu hichohicho. Rubinstein hakumgusa Mussorgsky. Tchaikovsky, mhitimu wa chuo, alimsema vibaya katika barua, lakini hakumfuta nota. Waliomjeruhi ni wa nyumbani. Balakirev aliukataa Usiku wa Mlima Kipara mwaka 1867 na kutaka ubadilishwe, mtunzi akagoma. Cui, mwaka 1874, Boris ilipoonyeshwa kwa mara ya kwanza katika jumba la Mariinsky, aliandika gazetini kwamba kazi hiyo ni ya mtu asiyepevuka, mwenye haraka na mwenye kujiridhia. Shule waliyoifukuza kwa mlango wa mbele waliipitisha kwa mlango wa uani, ikakaa sebuleni.

Hoja kubwa ya watetezi ni kwamba pasipo Rimsky-Korsakov kazi hizi zisingesikika. Kwa Khovanshchina hoja hiyo ina nguvu. Mussorgsky alipofariki mwaka 1881 opera hiyo ilikuwa haijamalizika na sehemu kubwa haikuwa imegawiwa ala. Mtu alipaswa kuimaliza, na aliyejitokeza ni yeye, bila malipo ya maana, akiwa na shughuli zake nyingi. Vivyo hivyo yeye na Aleksandr Glazunov waliikamilisha Mwana wa Mfalme Igor ya Borodin, ikaonyeshwa mwaka 1890. Kumalizia ni jambo moja. Lakini Boris ilikuwa imemalizwa, imegawiwa ala na mkono wa mtunzi mwenyewe, imechapishwa kwa piano, na imeonyeshwa zaidi ya mara 20 Mariinsky kabla ya kuondolewa jukwaani mwaka 1882. Vijana waliijaza kumbi wakaishangilia pamoja na makosa yake yote. Haikuhitaji mwokozi wa kuiandika upya. Ilihitaji jumba la kuionyesha.

Na Rimsky-Korsakov mwenyewe, kwa haki yake, alikuwa mnyoofu kuliko mawakili wake. Aliandika kwamba hati za mkono za Mussorgsky zimekabidhiwa maktaba, na kwamba iwapo baada ya nusu karne muziki huo utakuwa bado u hai na watu wakautaka ulivyo, toleo la asili litawezekana. Pavel Lamm alilitoa toleo hilo la Boris mwaka 1928, miaka 47 baada ya kifo cha mtunzi. Kwa hivyo muda ulifika, tena kwa hesabu ya mhariri mwenyewe. Ila majumba hayakusikia. Bolshoi ya Moscow iliendelea kwa miongo mingi na toleo lililosafishwa. Dmitri Shostakovich, mwaka 1939 na 1940, aliziheshimu nota za Lamm lakini akaipaka opera nzima rangi nyingine za okestra, kana kwamba kila kizazi cha Warusi kina zamu yake ya kumkogesha marehemu. Imekuwa afadhali tangu miaka ya 1970, na leo majumba makubwa mengi huionyesha kama alivyoiacha mwenyewe. Lakini desturi iliyokwisha shindwa katika Boris bado inatawala kwingine.

Usiku wa Mlima Kipara unaopigwa karibu kila mahali si ule wa 1867. Ni kazi ya Rimsky-Korsakov ya mwaka 1886, iliyoundwa kwa vipande vya rafiki yake. Mapambazuko yale ya upole, kengele ya kanisa ikiwafukuza mashetani, yalitoka katika opera nyingine ambayo Mussorgsky hakuimaliza. Katika utungo wa 1867 hakuna alfajiri, mashetani wanabaki na usiku wao. Utungo huo haukuchapishwa mpaka mwaka 1968. Hakuna ubaya kuupiga ule wa 1886, ni muziki mzuri. Ubaya ni kuuandika katika karatasi za maonyesho kwa jina la Mussorgsky peke yake. Liandikwe jina la Rimsky-Korsakov, tena kwa herufi kubwa, maana amelifanyia kazi.

Na iko Picha katika Maonyesho, muziki wa piano wa mwaka 1874 uliotungwa kwa kumkumbuka msanifu majengo Viktor Hartmann. Mna kipande kiitwacho Bydlo, neno la Kipolandi lenye maana ya ng'ombe, litumikalo pia kwa watu wanaotendewa kama ng'ombe. Ni mkokoteni mzito wa mkulima. Katika hati ya mkono, Mussorgsky ameandika kipande kianze kwa nguvu zote: mkokoteni uko mbele ya uso wako, huna pa kupishia. Katika toleo lililochapishwa mwaka 1886 chini ya mkono wa Rimsky-Korsakov, kipande kinaanza kwa sauti ya chini, kinakua pole pole, mkokoteni unatokea mbali kwa adabu na kupita. Maurice Ravel hakuwa na hati ya mkono mwaka 1922 alipoigawia okestra; alifuata kilichochapishwa, na tuba yake inanong'ona. Hilo halirekebishiki tena, na Ravel hana lawama. Lakini Lamm alikwisha lisahihisha toleo la piano mwaka 1931, na tangu 1975 hati yenyewe ya mkono imechapishwa kwa picha, kila mwenye kutaka aione. Mpiga piano anayekianza Bydlo kwa kunong'ona leo hana udhuru.